Reli ya Urefu wa Mkono: Kujenga Treni Ndogo Nyumbani Ukiwa Unaugua

Daktari akikwambia upumzike, mara nyingi hakwambii upumzike vipi. Unarudi nyumbani Kariakoo, Mtaa wa Swahili au Likoma, ghorofa ya tatu isiyo na lifti, huku chini spika za machinga zikitangaza bei tangu asubuhi. Wiki ya kwanza usingizi unatosha. Ya pili simu inakuwa rafiki. Ikifika ya tatu umeshasoma kila baya linaloweza kutokana na ugonjwa wako, na usingizi wenyewe umekimbia.

Mwongozo huu ni wa wiki ya tatu na kuendelea. Unapendekeza kazi moja ya mikono ambayo watu wa Ulaya, Marekani na Japani wameifanya majumbani kwa miaka mingi, na ambayo mkazi wa katikati ya Dar es Salaam ana sababu nzuri ya kuijaribu: kujenga reli ndogo na kuendesha treni juu yake. Haiponyi. Dawa zako na kliniki yako vinabaki palepale. Ila inakupa jambo la kufikiria kesho asubuhi ambalo halina uhusiano na vipimo.

Reli ziko karibu yako

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka hapa Dar mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914. Upana wake, kati ya chuma na chuma, ni milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa mwaka 1976, ina milimita 1,067. SGR, iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro mwezi Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata, ina 1,435. Jiji moja, reli tatu, na hakuna behewa la moja linaloweza kuingia kwenye nyingine kama lilivyo.

Kwa mjenzi wa treni ndogo hii ni neema. Reli ndogo zinazouzwa kwa wingi duniani ni za upana wa aina mbili: milimita 16.5 na milimita 9. Chukua ile ya 16.5. Ukiamua kwamba ni SGR, kila kitu kingine unakipunguza mara 87. Ukiamua ni TAZARA, punguza mara 65 hivi. Ukisema ni Reli ya Kati, mara 60. Yaani mtu wa mita 1.7 akisimama kwenye jukwaa lako la SGR ana karibu sentimita 2. Kwenye jukwaa la Reli ya Kati, kando ya reli ileile, anakaribia sentimita 3. Reli haikubadilika hata kidogo. Kinachoibadilisha ni ukubwa wa behewa, nyumba na mtu unayemweka pembeni yake. Kwa ile ya milimita 9, hesabu inakuwa kama mara 160, 119 na 111.

Mgonjwa achague ipi? Vitabu vingi vya kazi hii vitakusukuma kwenye ndogo zaidi kwa sababu ya nafasi. Mimi nasema chukua ya 16.5 na uifanye Reli ya Kati. Mabehewa yanakuwa makubwa, yanashikika hata mkono ukitetemeka, yanaonekana bila kukaza macho, na likianguka utaliona liliko. Mwenye macho makali na chumba kidogo sana ndiye achukue ya 9.

Kisha chagua mahali pamoja tu. Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Ukiipunguza mara 60 bado ni kama kilomita 20, kutoka Stesheni mpaka Pugu. Hata jukwaa la mita 200 linakula zaidi ya mita 3 za chumba chako. Kwa hiyo jenga kona, usijenge safari. Kona nzuri ni zile unazozijua kwa macho yako au kwa macho ya mzee mmoja hapo nyumbani. Kamata, pale reli ya zamani inapokatiza barabara na magari yanasubiri. Saranda, ambako abiria walinunua kuku kupitia dirishani. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe, ambacho mto Mkondoa umekisumbua kwa mafuriko mara nyingi. Au njia fupi ya mizigo ya kuelekea bandarini, yenye makontena na ukuta mrefu, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu ukuta unaficha kila usichotaka kujenga.

Ukubwa unaamuliwa na mwili

Kaa kama unavyokaa siku yako mbaya, sio siku yako nzuri. Nyoosha mkono mbele bila kuinamisha mgongo. Pale vidole vinapofika ndio mwisho wa reli yako. Kwa wengi ni kama sentimita 50 au 60 kwenda mbele, na mita 1 na ushee kutoka kushoto kwenda kulia. Mjenzi mzima wa afya huanza na ndoto ya kujaza sebule. Wewe ukianza hivyo utaishia na mbao zilizoegemezwa ukutani na aibu kila wageni wakiingia.

Tengeneza vipande viwili vya plaiwudi, kila kimoja sentimita 75 kwa 30, vinavyoungana kwa bolti mbili. Mafundi wa samani wa Keko wana mabaki ya plaiwudi wasiyoyahitaji na watakukatia kwa vipimo ukiwatumia karatasi. Vipande hivyo vinaingia uvunguni mwa kitanda, na kila kimoja kinaweza kukaa peke yake juu ya mapaja, kwenye meza ndogo ya kitandani au hata juu ya sinia kubwa lililogeuzwa. Uzito ni muhimu. Kama huwezi kukinyanyua mwenyewe, hutakitoa uvunguni siku ambayo hakuna mtu nyumbani, na siku hiyo ndiyo utakayokihitaji.

Kuhusu muda, weka saa. Dakika 20 kisha lala chali, hata kama unajisikia vizuri. Kazi hii ina ulevi wake: unataka kumaliza paa, unajikuta saa mbili zimepita, chakula kimepoa na dawa ya saa nane haijamezwa. Acha kazi ukiwa bado unaitamani.

Halafu kila ugonjwa una tahadhari zake, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo miongozo ya wazima haina la kukuambia.

Mwenye kisukari ambaye vidole au nyayo zimekufa ganzi asishike chuma cha solda, na asitembee pekupeku chumbani humo hata mara moja. Misumari midogo, vipande vya waya na wembe vitaanguka sakafuni. Anayevikanyaga bila kuhisi anaweza kuanza kidonda cha miezi. Fagia kwa sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa, au mwambie mtoto afagie kila mkimaliza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, asikate kwa wembe. Akate kwa mkasi wenye ncha butu, au amwachie mwingine ukataji wote na yeye abaki na kubandika na kupaka rangi.

Mwenye pumu au mapafu dhaifu aachane na rangi za kupuliza, tina na supagluu, hasa kwenye chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Rangi za maji na gundi nyeupe ya mbao zinatosha kwa kila kitu kilichoandikwa hapa. Vumbi la msasa ni adui pia: lowesha msasa kwanza. Mwenye selimundu aweke chupa ya maji mezani kabla ya kuweka gundi, na ajiepushe na kupulizwa na feni muda mrefu akiwa ametoa jasho.

Anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki anajua siku ya kliniki na jioni yake hazina nguvu, asizipangie kitu. Mkono wenye fistula ya kusafishia damu usiegemezwe kwenye ukingo wa meza wala usibebe mbao. Aliyepata kiharusi na kubaki na mkono mmoja wenye nguvu atafute jiliwa dogo kwa wauza spea na zana wa Gerezani, alifunge mezani, limshikie behewa. Mkono dhaifu nao upewe kazi yake: kushikilia karatasi isitembee, kusogeza behewa. Muulize mtaalamu wako wa mazoezi ya viungo. Wengi watafurahi kusikia kuna zoezi ambalo mgonjwa analifanya bila kusukumwa. Na aliyewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asilete sumaku karibu na kifua, hata zile ndogo za kuunganishia mabehewa. Nyumba yenye watoto wadogo isiwe nazo kabisa, kwani mtoto akimeza mbili zinaweza kubana na kutoboa utumbo.

Kariakoo bila kwenda Kariakoo

Unaishi juu ya soko ambalo watu husafiri kutoka Lubumbashi na Lusaka kulifuata, na kosa lako la kwanza litakuwa kutaka kushuka mwenyewe. Usishuke. Piga picha ya kitu unachokitaka au kichore, mtumie muuzaji unayemjua kwa WhatsApp, upate bei kabla ya kumtuma mtu. Kijana wa bodaboda au mtoto wa ndugu atapanda na mfuko. Ukimtuma bila bei atauziwa kitu kwa bei mara mbili, na ngazi za kurudisha ni zako.

Ila kabla ya kununua, angalia nyumbani, kwani nusu ya vifaa iko jikoni. Boksi la viatu ni ukuta wa stesheni. Boksi nene la jokofu au televisheni, ukilichuna karatasi ya juu, chini yake kuna mikunjo. Paka rangi ya kijivu na kutu kidogo, hilo ni bati la paa. Povu jeupe linalokuja ndani ya boksi hilohilo ni kilima. Likate kwa kisu kilichopakwa sabuni, taratibu. Vijiti vya mishikaki vilivyokatwa ni mataruma ya mbao. Majani ya chai yaliyotumika, yakikauka juani, ni udongo wa shambani. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ni nyasi za Dodoma wakati wa kiangazi, na sijaona kitu cha dukani kinachozishinda. Sponji ya kuoshea vyombo, ikikatwakatwa na kuchovywa rangi ya kijani, inakuwa majani ya mwembe. Shina ni waya wa umeme uliosokotwa.

Kokoto za kutandaza kati ya mataruma ni mchanga uliopita kwenye chujio la chai. Usitumie wa baharini. Chumvi yake, pamoja na unyevu wa Dar, italisha kutu kwenye chuma chochote kilicho karibu. Omba wa ujenzi, uoshe, uanike. Mwaga katikati ya reli, sawazisha kwa brashi, kisha dondoshea gundi nyeupe iliyochanganywa na maji mengi na tone la sabuni ya vyombo. Sabuni ndiyo inayofanya gundi izame badala ya kukaa juu kama shanga. Ni kazi ya polepole, ya kukaa, isiyohitaji akili. Bora kuliko zote kwa siku ya uchovu.

Treni yenyewe unaipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni seti za plastiki za watoto zinazotumia betri ndogo, zilizojaa kwenye maduka ya jumla ya vitu vya kuchezea. Ni nafuu, lakini upana wa reli zake haufuati kipimo chochote, na zinakimbia kama zimeibiwa. Dawa ya mwendo ni rahisi: kama inatumia betri mbili zilizofuatana, toa moja, weka mahali pake kipande cha kijiti chenye urefu uleule kilichozungushiwa karatasi ya foili. Umeme unapita, lakini volti zimebaki nusu, na treni inatambaa kwa heshima. Pima upana wa reli zake kwa rula, kwa milimita, gawanya 1,000 kwa jibu ulilopata, na hapo una kipimo chako cha Reli ya Kati.

Njia ya pili ni reli halisi za milimita 16.5 au 9, zenye umeme wa volti 12 unaopita kwenye chuma chenyewe. Hizi kwa kawaida huzikuti kwenye vibanda vya Kariakoo. Mwombe ndugu aliye nje, au mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo akuwekee boksi dogo ndani ya mzigo wake. Mpe jina la kipimo kwa maandishi, HO kwa ile ya 16.5 na N kwa ile ya 9, vinginevyo ataleta anachokiona kizuri. Kuunganisha nyaya mpe fundi simu au fundi redio wa mtaani. Ana solda, ana mkono mtulivu, na moshi wa solda utabaki kibandani kwake badala ya chumbani kwako. Mwambie akutengenezee pia kiendeshaji chenye swichi ya kugeuza yenye miguu sita, ili kichwa cha treni kiende mbele na kurudi nyuma, na akiweke kwenye boksi lenye kitufe kikubwa.

Kitufe kikubwa si anasa. Neil Young, mwanamuziki wa Kanada, alihangaika sana na jambo hilo kwa sababu mwanawe alikuwa na mtindio wa ubongo na hakuweza kutumia viendeshaji vya kawaida. Alibuni vyake, na mwaka 1995 akawa miongoni mwa watu walioinunua kampuni ya treni ndogo ya Lionel. Kabla yake, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mchungaji Mwingereza Wilbert Awdry alimsimulia hadithi za treni mtoto wake aliyelala na surua, akamchongea na vichwa vya treni kwa mabaki ya mbao. Kitabu cha kwanza cha hadithi hizo kilitoka mwaka 1945. Treni ndogo na kitanda cha mgonjwa zina udugu wa zamani.

Na kama pesa yote imekwenda kwenye dawa? Chonga vichwa na mabehewa kwa kadibodi na vifuniko vya chupa, kama watoto wa uswahilini wanavyotengeneza malori ya makopo, na sukuma kwa kidole. Raha inayofuata haihitaji mota.

Kuendesha

Wengi hudhani starehe ni kuona treni ikizunguka duara. Duara linachosha kwa siku moja, na linataka nafasi usiyo nayo. Mgonjwa anahitaji fumbo, na fumbo zuri kuliko yote lilibuniwa na Mwingereza Alan Wright, likajulikana kama Inglenook.

Weka njia tatu zinazokutana. Moja ina nafasi ya mabehewa matano, mbili zilizobaki zina nafasi ya matatu kila moja. Upande wa pili, kule zinakoungana, acha nafasi ya kichwa cha treni na mabehewa matatu tu. Kwa kipimo cha milimita 9, yote haya yanaingia kwenye ubao wa mita moja na kidogo, kwa 16.5 tumia mabehewa mafupi, au weka njia tatu ubaoni na acha ile nafasi ya kichwa cha treni itokeze kwenye kipande cha ziada. Tengeneza mabehewa manane, kila moja na mzigo wake: mafuta, saruji, mahindi, pamba, kontena, mbao, chumvi, na moja la abiria. Andika majina hayo kwenye karatasi nane, tia ndani ya kopo, tikisa, chomoa tano. Sasa panga treni ya mabehewa matano kwa mfuatano uleule uliotoka, bila kulinyanyua behewa hata moja kwa mkono. Kuna treni 6,720 tofauti zinazoweza kutoka kwenye kopo lile. Fumbo moja linaweza kula robo saa, na siku akili ikiwa nzito kwa dawa unaweza kuliacha katikati. Mabehewa yatakusubiri pale yalipo.

Weka daftari la stesheni masta. Andika tarehe, treni namba ngapi, imebeba nini, imeondoka saa ngapi. Maumivu yakikukatiza, usiandike maumivu. Andika: treni imezuiliwa Gulwe, maji yamekula tuta. Aliyewahi kusafiri na Reli ya Kati atakuelewa, na hakuna atakayeona ajabu treni ikichelewa siku tatu.

Kuhusu wageni. Kwetu mgonjwa hakosi watu wa kumjulia hali, na kila mmoja anauliza unaendeleaje, unajibu nafuu kidogo, kisha kimya, kisha habari za mtu mwingine aliyeugua hivyohivyo na mwisho wake. Mpe mgeni behewa apake rangi. Shangazi atashona pazia la dirisha la stesheni kwa kipande cha khanga. Mzee aliyefanya kazi reli, na Gerezani bado wapo wenye baba na babu waliofanya, atakwambia mnara wa maji ulikuwa upande gani na kengele ya stesheni ilipigwa mara ngapi. Mwachie kiti kizuri na uandike anachosema. Watoto waruhusiwe kuendesha wakikaa chini na wakifuata daftari.

Kazi ya usafi ni ndogo. Vumbi la mjini huingia hata dirisha likifungwa, kwa hiyo funika ubao kwa khanga kila usiku, na kabla ya kuendesha pitisha kwenye chuma cha reli kitambaa chenye spiriti kidogo, dirisha likiwa wazi. Toa betri kama hutaendesha kwa wiki. Zikivuja zinakula vyuma vya mahali zinapokaa.

Ukilazwa tena, ubao hauendi hospitali, lakini behewa moja la kadibodi lisilopakwa rangi linaingia kwenye mkoba pamoja na kadi ya kliniki. Wodini kalamu za rangi zinatosha. Gundi, wembe na msasa viache nyumbani.